Jina Lililoitwa Mara Tatu Kuresoi

Wasikilizaji wapendwa, uliye jikoni punguza moto kidogo. Uliye shambani na redio ya simu mfukoni, tafuta mahali pakavu ukae. Mimi ni yuleyule Wangare wenu, na Jumapili hii tunamkumbuka mtu mmoja tu. Jina lake ni Kiprugut arap Keter. Nalirudia kwa anayefungua redio sasa hivi: Kiprugut arap Keter, wa Kuresoi. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka tisini na miwili. Jana tulimzika shambani kwake, na mvua ikatupiga mpaka ndani ya viatu.

Wengi wenu mlimjua kama mzee wa viazi. Wengine mlimjua kwa usumbufu wake, na leo tunaweza kusema bila yeye kutukatiza. Mzee huyu alikuwa hasaini kitu kabla ya kukisoma chote, tena kwa sauti. Mwenye duka pale madukani Kuresoi ameniambia alishawahi kusimamisha foleni nzima akisoma risiti ya mbolea, kuanzia jina la kampuni hadi namba ya simu iliyo chini kabisa. Mtu akinung'unika nyuma yake, alikuwa akigeuka na kumuuliza, "Wewe ukiandikwa vibaya, ni nani atakusemea?" Kisha anarudi kusoma. Kanisani walimwacha tu asome. Walishamzoea.

Lakini ni wachache wanaojua alikotoa tabia hiyo. Mimi mwenyewe sikujua hadi juzi, nilipokaa na bintiye, Jerop, na binti wa ndugu yake, Chepkorir mwenyewe, tunayemwita Mama Chepkorir kwa heshima. Walichoniambia ndicho nitakachowasimulia leo. Nisiwadanganye, si hadithi ya kuchekesha. Hata si ya kuliza sana. Mzee mwenyewe alipokuwa akiisimulia, wanasema, aliisimulia kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Turudi basi miaka ya hamsini. Mwaka 1954.

Kiprugut alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Alikuwa amesoma kwa wamishonari, ana mwandiko mzuri, mwandiko wa kuinama upande mmoja, herufi zimeshikana mikono. Kwa mwandiko huo akapata kazi Nakuru, katika ofisi moja ya kodi. Kazi yake ilikuwa kunakili. Nasema tena, kunakili. Hakuwa mkubwa wa ofisi. Hakuwa wa kutoza. Alikuwa mtu wa kutoa jina kwenye kitabu hiki na kulipeleka kwenye kitabu kile.

Kwa vijana wanaotusikiliza: siku hizo kila mwanamume mzima Mwafrika alilipa kodi ya kichwa. Ukilipa, unapewa risiti. Risiti hiyo unatembea nayo kama unavyotembea na simu leo. Ukikutwa huna, unakamatwa. Na kama rejista inasema hujalipa, basi hujalipa, hata uape kwa mama yako. Hakuna aliyekuwa akiikagua rejista ile kwa niaba ya mwananchi. Mwananchi ndiye alikuwa akikaguliwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yote yanatoka hapa.

Mzee Kipketer, baba yake Kiprugut, alikuwa na wana wawili. Mkubwa aliitwa Kimutai. Mdogo ndiye huyu Kiprugut wetu. Kimutai alianza kazi akiwa bado mtoto wa miaka kumi na minne, kwenye shamba la mzungu la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, karibu na Molo. Karani wa shamba akamuuliza jina, akasema Kimutai. Baba yako? Kipketer. Basi akaandikwa Kimutai Kipketer, akapigwa alama ya vidole, mambo yakaisha. Baadaye Kimutai akaingia jandoni. Na kwa Wakalenjin wa wakati ule, mtu akitoka jandoni analiacha jina la utotoni. Anachukua jina la baba. Anakuwa arap Keter, yaani mwana wa Kipketer. Akaoa, akahamia shamba jingine huko Kuresoi, na huko akaandikwa hivyo hivyo alivyojulikana: arap Keter.

Kwa hiyo mtu mmoja, vitabu viwili, majina mawili. Hakuna aliyedanganya. Kila kitabu kilisema kweli yake.

Mwaka 1956, mwezi wa kwanza, amri ikatoka kwamba rejista za mashambani na rejista za ofisi ziunganishwe kuwa kitabu kimoja. Kiprugut akapewa kazi hiyo. Majina zaidi ya elfu moja mia mbili, siku kumi na mbili. Alikuwa akianza asubuhi na kumaliza vidole vikiwa vimekufa ganzi. Jerop anakumbuka baba yake akimwambia hivi: "Siku ya tatu nilikuwa sisomi tena. Jicho lilikuwa likitoa herufi hapa, mkono unaziweka pale. Mimi mwenyewe sikuwepo."

Katika ukurasa wa tisa akaandika Kimutai Kipketer. Katika ukurasa wa arobaini na moja akaandika arap Keter. Ndugu yake wa tumbo moja. Akamwandika mara mbili kwa mwandiko wake mzuri, na hakugundua.

Hilo ni kosa la kwanza, wasikilizaji wapendwa, na mzee mwenyewe alisema hilo angejisamehe. Mtu huchoka. Kosa la pili ndilo lililomkaa.

Mwezi wa sita mwaka huohuo, watu wa kodi walienda Kuresoi. Waliweka meza uwanjani, nje ya maduka. Kwenye meza kulikuwa na mzungu wa kodi, karani mkuu aliyeitwa Nderitu, na Kiprugut akiwa ameshika rejista mpya. Wanaume walikuwa wamejaa. Baba mkwe wa Kimutai alikuwepo. Wenzake wa rika, waliotahiriwa naye, walikuwepo. Kimutai akaja mezani kwa zamu yake, akalipa kama arap Keter, akapewa risiti, akaikunja, akaweka mfukoni. Yeye na mdogo wake wakatazamana kidogo wakacheka, maana si kila siku unalipa kodi mbele ya ndugu yako amevaa tai.

Wakamaliza waliolipa. Kisha askari akaanza kuita wale ambao rejista ilisema hawajalipa. Akaita kwa sauti.

"Kimutai Kipketer!"

Askari akatazama umati.

"Kimutai Kipketer!"

Kimutai alikuwa amesimama hapo, hatua kumi kutoka mezani. Alisikia. Lakini mtu mzima, mwenye mke na mtoto, aitwe jina la utotoni mbele ya baba mkwe wake na wenzake wa rika, tena na askari anayepiga kelele? Kwa wakati ule hiyo ilikuwa aibu ya kukufanya utazame viatu vyako. Na tena, alikuwa ameshalipa, risiti iko mfukoni. Akaona huyo anayeitwa si yeye. Huyo mtoto alishaondoka zamani. Akatazama viatu.

"Kimutai Kipketer! Mara ya tatu!"

Kiprugut naye alisikia. Hapo ndipo usingizi ulipomtoka. Akashusha macho kwenye rejista, akaona ukurasa wa tisa, akaona mwandiko wake. Akamtazama ndugu yake. Ndugu yake akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayesema: usinitaje. Na Kiprugut, mdogo mtu, angesimamaje hapo amtaje kaka yake kwa jina la utotoni mbele ya wakwe? Heshima ilimfunga mdomo. Akajiambia atarekebisha ofisini.

Mzungu akauliza, "Yuko?"

Nderitu akamgeukia Kiprugut. "Huyu unamjua? Ni wa kwenu huku."

Kiprugut akanyamaza. Nderitu akaandika pembeni: amekimbia kodi. Wakaita jina linalofuata.

Ofisini hakurekebisha. Aliandika kikaratasi, akakiweka kwenye trei ya mambo yanayosubiri mkubwa. Mkubwa alikuwa likizo. Kikaratasi kikakaa. Mnajua trei hizo. Hata leo zipo, ila siku hizi wanasema mtambo uko chini.

Mwezi wa nane, askari wawili wakamkuta Kimutai akichimba viazi. Mama Chepkorir, ambaye ni bintiye Kimutai, alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Haya anayasema kama alivyoambiwa na mama yake, marehemu Chepngeno. Nimemrekodi. Anasema hivi:

"Baba alitoa risiti. Askari akaisoma, akasema, hii ni ya arap Keter, sisi tunamtaka Kimutai. Baba akasema, arap Keter ni mimi. Wakamuuliza, na Kimutai? Sasa hapo angesema hamjui, wangeenda zao. Lakini baba hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema, na Kimutai pia ni mimi. Wakasema basi umelipa nusu yako, twende na hiyo nusu nyingine."

Walicheka, hao askari. Chepngeno alisema walicheka kweli.

Wakalinganisha alama za vidole na zile za shamba la pareto. Ni zake. Akahukumiwa miezi mitatu ya kazi, kwenye kambi ya kuvunja mawe ya barabara. Kambi hiyo sitaitaja jina. Ilikuwa mahali pa baridi, na huko kwenu Molo mnajua baridi ya mwezi wa nane ikoje. Dereva wa lori la viazi akapeleka habari Nakuru kwa Kiprugut. Kiprugut akasema, "Ni kosa la jina tu, litanyooka." Ilikuwa mwisho wa mwezi, hesabu za ofisi zilikuwa zinadaiwa. Akaandika kikaratasi cha pili.

Kimutai alikufa mwezi wa kumi, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Nasema tena: alikufa akiwa amelipa kodi yake.

Habari ilipofika ofisini, Kiprugut alikuwa katikati ya ukurasa. Alimalizia ukurasa. Akapiga mstari kwa rula. Akakausha wino. Akatundika koti la ofisi kwenye msumari. Kisha ndipo akatoka. Bintiye Jerop alimuuliza miaka mingi baadaye, "Baba, ulilia?" Akamjibu, "Hapana. Nilingoja kulia kama unavyongoja mtu aliyesema anakuja."

Alirudi kazini baada ya siku nne. Nderitu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwekea chai mezani na kumwambia, "Pole, ndugu yangu. Jina lake nitalipiga mstari, marehemu halipi kodi." Kiprugut akasema asante. Lakini kwenye rejista, pembeni ya jina lile, maneno yalibaki palepale: amekimbia kodi.

Huko Kuresoi nako maneno yalikuwa yanatembea. Kwamba Kimutai alikimbia kodi. Kwamba aliitwa mara tatu akajificha nyuma ya watu. Wengine waliosema hivyo walikuwepo uwanjani na waliona vizuri kabisa, lakini mnajua watu. Chepngeno akienda kuchota maji, wanawake wengine walikuwa wananyamaza mpaka apite. Hakutaka pesa za serikali. Hakutaka ng'ombe. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kwa Kiprugut siku ya mazishi, na baada ya hapo hakumsemesha tena. Alisema, "Mume wangu aliitwa mwizi mbele ya watu. Nataka asafishwe mbele ya watu. Haohao."

Kiprugut akaanza kubaki ofisini saa ya chakula cha mchana. Akafungua rejista. Kwenye kitabu kulikuwa na watu mia moja na kumi na tatu walioandikwa kwamba wamekimbia kodi. Akawapitia mmoja mmoja. Huyu ni mtoto wa nani? Alitahiriwa mwaka gani? Anaitwa arap nani sasa? Mzungu asingeweza kuijua kazi hiyo. Nderitu, Mkikuyu wa watu, asingeweza pia. Ilihitaji mtu aliyezaliwa humo. Na kila alipopata jina la utotoni, aligeuza kurasa akalikuta jina la utu uzima mbele, na pembeni yake: amelipa.

Watu sitini na wanne. Katika mia moja na kumi na tatu waliotangazwa wakwepa kodi, sitini na wanne walikuwa wamelipa. Kumi na mmoja walikuwa kambini wakati huo, wakivunja mawe.

Mnaona sasa kwa nini mzee alikuwa akisoma risiti ya mbolea kwa sauti.

Mwaka 1957, mwezi wa tatu, wakaguzi watatu wakatumwa kutoka Nairobi. Malalamiko yalikuwa yamezidi, watu wanasema tumelipa, vitabu vinasema hawakulipa. Kikao kikawekwa Nakuru, ukumbini, na mwananchi akaruhusiwa kukaa nyuma kusikiliza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza wengi kuona ofisi ya kodi ikiulizwa maswali. Chepngeno alipanda lori la viazi na mtoto mgongoni, akaja, akakaa kwenye benchi la mwisho.

Siku moja kabla, Nderitu alimvuta Kiprugut pembeni.

"Kesho watakuuliza kitu kimoja tu, kama rejista ni sahihi. Sema ndiyo. Hawa Ijumaa wanapanda treni wanaenda."

"Na wale sitini na wanne?"

"Tutawarekebisha polepole, mmoja mmoja, bila kelele. Nakuahidi. Lakini ukisema kesho, ni mwandiko wako, Kiprugut. Si wangu, si wa mzungu. Watakufukuza wewe, sisi tutabaki. Utakula nini?"

Na hapo Nderitu alikuwa anasema ukweli mtupu. Ndivyo ilivyotokea.

Kesho yake Kiprugut akaitwa mbele. Mkaguzi mkubwa akamwonyesha kitabu. "Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Unathibitisha ni sahihi?"

"Hapana, bwana."

Akafungua ukurasa wa tisa, akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akawaonyesha. Kisha akatoa orodha yake, akasoma majina sitini na manne, kila mtu majina yake yote mawili, na tarehe aliyolipa. Alisoma bila kupanda wala kushuka. Mama Chepkorir anasema mama yake alimwambia ilikuwa kama kusikiliza mtu anahesabu magunia.

Mkaguzi akauliza, "Huyu wa ukurasa wa tisa ulimjua?"

"Ni ndugu yangu. Tumbo moja."

"Alipoitwa hakuitika. Kwa nini?"

"Kwetu mtu mzima haitwi jina la utotoni mbele ya watu, bwana. Aliona aibu kuitika."

"Na wewe? Ulikuwa mezani. Kwa nini hukusema ni yeye?"

"Niliona aibu kumwitikia."

Mkaguzi akavuta fomu aliyokuwa akiijaza. Kisha akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, lakini watu wa mbele walisikia, kwamba aibu inaandikwa sehemu gani kwenye ile fomu. Haikuwa na sehemu. Wakaandika: kosa la karani.

Wale kumi na mmoja walitolewa kambini wiki iliyofuata. Kiprugut alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Na kwa jina la Kimutai ikatoka karatasi moja, ina mhuri, inasema kwamba Kimutai Kipketer na arap Keter ni mtu mmoja, kwamba mtu huyo alilipa kodi ya mwaka 1956, na kwamba serikali inasikitika.

Kiprugut akaichukua, akapanda Kuresoi, akampelekea Chepngeno. Akampa kwa mikono miwili. Chepngeno akaitazama. Ilikuwa ya Kiingereza. Akamrudishia.

"Soma."

Akaisoma, akiigeuza kwa lugha yao. Alipomaliza, akadhani imekwisha. Chepngeno akamfunga mtoto mgongoni, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka nje. Akasimama njiani akimngoja. Shemeji yake akamfuata.

Akampeleka nyumba ya kwanza, ya mwanamke aliyekuwa akinyamaza pale mtoni. Akabisha. Watu wakatoka. Chepngeno hakuwasalimu. Akasema tu, "Soma." Kiprugut akasoma. Wakaenda nyumba ya pili. "Soma." Akasoma. Ya tatu. Siku hiyo walifika nyumba kumi na nne, yeye mbele, Kiprugut nyuma na karatasi. Nyumba moja wenyewe walikuwa shambani, Chepngeno akakaa kwenye jiwe akawangoja hadi wakarudi. Kwa baba mkwe wa Kimutai, yaani kwao Chepngeno, mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akataka kuleta maziwa. Chepngeno akasema hawana muda. Kati ya nyumba na nyumba hakumsemesha Kiprugut hata neno.

Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya mama yao. Mama yake Kimutai, mama yake Kiprugut. Aliitwa Chepchirchir. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mahindi ya mbegu.

Kiprugut alisema baadaye kwamba huko hakutaka kwenda. Mama yao hakuwahi kumwita Kimutai mkwepa kodi, sasa anasomewa nini? Lakini Chepngeno alishaingia uani.

"Soma."

Akasoma. Kufikia hapo alikuwa haitazami tena karatasi, alikuwa ameishika kichwani. Mama akaendelea kuchambua mahindi mpaka mwisho. Kisha akaweka ungo chini.

"Serikali inasikitika," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na inasema kosa ni la karani."

"Ndiyo."

"Siku ile alipoitwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mezani, mama."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mama akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi. Hakujua kusoma. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akautazama ule mhuri. Akamrudishia.

"Hilo haliko humu," akasema. "Liandike."

Kiprugut akatoa kalamu mfukoni. Hakuwa na meza, akaandika juu ya goti. Chini ya mhuri wa serikali, kwa ule mwandiko wake wa kuinama, akaandika kwa Kiswahili. Mama Chepkorir anayo karatasi hiyo hadi leo, kwenye bahasha ndani ya Biblia. Alinionyesha juzi. Wino umegeuka rangi ya kutu, lakini unasomeka. Mstari wenyewe ni huu: "Nilikuwa mezani. Nilisikia jina la ndugu yangu mara tatu. Nilimjua. Sikusema. Kiprugut arap Keter."

Mama akamwambia, "Sasa soma yote." Akasoma yote, hadi jina lake. Hapo ndipo Chepngeno alipokaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamshusha mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa baba yake mdogo bila kusema kitu, akaenda kumsaidia mkwe wake kuchambua mahindi.

Wasikilizaji wapendwa, hakulia hata hapo. Jerop alimuuliza. Akasema alikaa tu na mtoto, na mtoto akamkojolea suruali ya ofisi.

Baada ya hapo Kiprugut hakurudi Nakuru. Alilima viazi Kuresoi miaka sitini na zaidi. Alimsomesha Chepkorir, yule mtoto, hadi akawa mwalimu. Chepngeno alianza kumsemesha tena mwaka 1961, kuhusu ng'ombe aliyeingia shambani, na ikaendelea hivyo, mambo ya ng'ombe na mvua, mpaka alipofariki. Yale mengine hawakuyagusa tena.

Jana mazishini familia ilikuwa imeandaa wasifu mzuri, wa kurasa nne, na picha ya rangi. Lakini mzee alikuwa ameacha agizo. Wasifu usomwe, sawa, lakini kwanza isomwe ile karatasi, na isiishie kwenye mhuri. Mama Chepkorir akaisoma kwenye mvua, ameshikiwa mwavuli. Aliposema "Sikusema", kuna wazee waliovua kofia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sikuhisi chochote, kusema kweli, mpaka nilipofika kwenye gari na kushindwa kupata ufunguo uliokuwa mkononi mwangu.

Kwa Jerop na ndugu zako, poleni sana. Kwa Mama Chepkorir, uliyewapoteza baba wawili, pole mwalimu wetu. Kwa watu wote wa Kuresoi, poleni kwa kuondokewa. Mungu amlaze mahali pema Mzee Kiprugut arap Keter, na ndugu yake Kimutai, ambaye nasema tena hewani, ili aliyemsikia vibaya mwaka ule amsikie vizuri sasa: alikuwa amelipa.

Na wewe unayenisikiliza, kabla sijawaachia wimbo. Najua wengi wenu mko ofisini kesho asubuhi. Kodi, ardhi, hospitali, shule, mahali popote penye orodha ya majina. Kuna jina ulilipitisha juzi ukiwa umechoka, na mtu huyo unamjua, na unajua kilichoandikwa pembeni yake si kweli. Ulisema litanyooka. Uliandika kikaratasi ukakiweka kwenye trei. Namba yake unayo kwenye simu yako. Usingoje Jumatatu. Mpigie sasa hivi.